Wifi Mwenye Mkono Mwepesi

Wenzake walimwita Mama Picha, maana kwa miaka mingi hakuna panya aliyepigwa picha katika maabara ile bila kupita mikononi mwake. Kazi ilitaka subira. Panya waliopandikizwa uvimbe walipewa dawa inayojaribiwa, na kila wiki panya yuleyule alilazwa kwa hewa ya usingizi, akawekwa juu ya kitanda cha joto kisichozidi kiganja, akaingizwa kwenye mashine ili ionekane kama uvimbe unakua au unanywea. Asipolazwa vilevile kama wiki iliyopita, picha hazilingani.

Kisha akaja wifi yake, dada wa mumewe, aliyemaliza chuo karibuni. Mama Picha mwenyewe ndiye aliyempigia debe. Haikupita miezi mingi, daktari mkuu akawa anasimama nyuma ya kiti cha wifi. "Hizi ndizo picha," anasema. Nyumbani nako mume hakunyamaza. "Dada yangu ana mkono mwepesi tangu utotoni." Mama Picha alitabasamu kwa meno tu. Alikuwa amemkaribisha mgeni, mgeni akakalia kiti chake.

Asubuhi moja wifi alikuwa kwenye mashine na panya jike mmoja mzee, aliyeishi kuliko wenzake wote katika utafiti ule. Macho ya wifi yote yalikuwa kwenye picha. Mama Picha, aliyepita kuchukua glavu, aliona mstari wa pumzi kwenye skrini ya pembeni ukilegea. Waya wa kitanda ulikuwa umechomoka, panya anapoa.

Akanyamaza. Alinyamaza makusudi. Mwache aumbuke, moyo ukamwambia, leo tuuone huo mkono mwepesi.

Mstari ukalegea tena, na kile kifua kidogo kikakaa bila kupanda.

"Wifi, funga hewa ya usingizi. Anakufa."

Mama Picha mwenyewe akamtoa panya, akamfumbata viganjani, akamsugua kifua kwa kidole mpaka masharubu yakacheza.

Daktari alipoingia, Mama Picha alingoja kusikia visingizio. Wifi hakutoa hata kimoja. "Nilizembea, daktari. Bila wifi yangu tungempoteza." Walipobaki wawili akamshika mkono, machozi yakimlengalenga. "Mwingine angeniacha niumbuke."

Angalau wifi angejitetea, Mama Picha angepata pa kumshikia. Sasa hata kwa uungwana alikuwa ameshindwa.

Aliomba wapangiwe zamu tofauti, akakubaliwa. Mumewe husema wanawake hawa wawili wanapendana kama waliozaliwa tumbo moja. Lakini kila anapoingia zamu, kabla ya kumgusa panya yeyote, Mama Picha hufungua picha alizopiga wifi jana yake, akazikuza, akatafuta palipofifia. Ni nadra kupata. Siku akipata, huosha vifaa huku akiimba.