Posa ya Msanii

Siku ile naikumbuka kwa mvua yake, mjukuu wangu, ile ya alasiri ambayo hapa Kisii haikosi. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, nami nilikuwa msichana wa kuposwa. Saidi, mshona kofia, alikuwa ameleta posa. Baba yangu, aliyeuza vitambaa mjini, hakumtaka.

"Nimemkuta barazani kwake," alisema. "Asubuhi nzima ameukodolea ukuta macho, sindano haijagusa kitambaa. Namuuliza unafanya nini, ati nafikiri! Watu wanamwita msanii. Hiyo ni kazi, au ni jina la uvivu?"

Nilikuwa nyuma ya pazia, nikisikiliza. Nilimpenda Saidi, lakini zamani zile binti hakuulizwa.

Aliyejibu ni bibi, mama yake baba, mzaliwa wa Mombasa aliyesomeshwa Kiarabu na babake. "Neno hilo limetoka kwa Waarabu. Kwao sanaa ni kazi ya kuunda. Seremala yumo, mfua fedha yumo. Sisi ndio tuliolisogeza mpaka kwa watunga nyimbo na wachora nakshi. Lakini kuunda kumo bado. Basi usiniulize anakaaje. Muulize ameunda nini."

Kesho yake baba akaenda. Saidi akamtolea kofia mpya. Nakshi yake haikuwa ua, haikuwa nyota, haikuwa kitu cha kutajika. Mistari tu, inakimbizana, inapotea, inakutana tena. Baba aliigeuzageuza mkononi.

"Hii umeiona wapi?"

"Sijaiona popote, mzee. Ndiyo niliyokuwa nikiitafuta pale ukutani."

Baba alirudi akicheka peke yake, akamwambia mama, "Mwambie binti yako ajitayarishe."

Ndiye babu yako huyo. Asubuhi zake za ukutani hazikwisha, nami nilizoea kumwekea chai na kupita taratibu. Tulikaa vizuri.

Siku hizi mtu akitapeliwa, nawasikia mkisema amefanyiwa usanii. Neno zuri mmelitia matope. Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: ukimkuta mtu amezama katika mawazo, usimwite mvivu kabla hujaona kazi yake. Nawe ukipenda kuitwa msanii, uwe na kitu cha kutuonyesha. Mungu akujalie mawazo mema, akupe na subira ya kuyafikisha mikononi. Amina.