Nilisoma Kwenye Ripoti Kwamba Nimepona

Siku niliyosoma kwamba nimepona, nilikuwa na vidonge vitatu kwenye mfuko wa aproni, na cha nne kilikuwa mdomoni.

Sitanii. Nilikuwa jikoni kwa madam, Aziziya, Jeddah, nimeegemea friji. Ripoti ilikuwa imetumwa kwenye grupu la WhatsApp. Ukurasa wa pili, namba saba: "Rispah. Ametibiwa Riyadh. Amepona kabisa."

Riyadh! Mimi, ambaye mguu wangu ulikuwa haujawahi kukanyaga Riyadh!

Nikakimeza kile kidonge kwa mate, nikasoma tena.

Wacha nianze mwanzo, ndio mnielewe.

Nilipokuja huku mara ya kwanza, nilikuwa chini ya kampuni moja ya kukodisha wafanyakazi wa nyumbani. Jina sitaji. Mwezi huu uko nyumba hii, mwezi ujao ile, na ukirudi bweni la kampuni mgongo umekwisha. Kila asubuhi msimamizi alitugawia vidonge vya maumivu pamoja na chai. "Yalla, meza, twende kazi." Unameza, unaruka kama ndama.

Hakuna aliyetuambia kwamba ukivikosa siku mbili utatapika, utatetemeka na utalia bila sababu.

Achieng, aliyelala kitanda cha juu yangu, alizidisha kumeza mpaka asubuhi moja hakuamka. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Tulipiga kelele mpaka kampuni ikakubali kulipa. Riyal laki nne, za kutibu watu walioharibiwa na vile vidonge, halas, kesi iishe. Pesa zingepitia vikundi vyetu viwili vya Wakenya, cha Riyadh na cha Jeddah, kila kikundi kipewe kulingana na idadi ya wagonjwa wake. Nusu zingetolewa mwanzo. Nusu nyingine zingetoka ripoti ya matibabu ikishasomwa na vikundi vyote viwili vikitia sahihi, kila kimoja kupitia viongozi wake.

Riyadh wakaleta majina sitini na mawili. Jeddah tukaleta tisa, kwa sababu watu wetu waliona aibu kujiandikisha.

Katibu wa Jeddah nilikuwa mimi. Na mimi pia sikujiandikisha. Katibu gani anajiandika kwamba vidonge vimemshinda?

Sasa siku hiyo ya ripoti nilikuwa nimechoka kujificha. Ijumaa nikaenda Hindawiyah kwa Zeinab, nesi kutoka Mombasa, ndiye aliyekuwa akiwatafutia wagonjwa wetu nafasi kwenye kliniki.

"Dada Zeinab, nataka nafasi."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akanishika mkono. "Ushaandikwa umetibiwa, mwanangu. Mkataba wasema mtu halipiwi mara mbili."

"Kwa hivyo nife?"

"Ufe wapi! Nenda kwa hao waliokuandika, ukalifute jina lako."

Nikampigia Naftali, mwenyekiti wa Riyadh. Mtu wa suti na mdomo mtamu. Alikuwa amehamia Riyadh kutoka Dammam mwaka uliopita tu, na tayari kikundi chake kilikuwa na tisheti za kijani na gari la ofisi. Mgonjwa hata mmoja hatukuwahi kumsikia.

"Dadangu, wewe tia sahihi tu," akaniambia. "Nusu ya pili ikiingia nakukatia elfu tano. Utajitibu kimyakimya. Nani atajua?"

Elfu tano ilikuwa mshahara wangu wa miezi mitano. Aki sitawadanganya, nililala nikiifikiria.

Kesho yake nikaisoma ile orodha vizuri, kutoka juu. Nilikuwa nimeruka moja kwa moja hadi jina langu, hata sikuwa nimeangalia mwanzo.

Namba moja: "Achieng. Ametibiwa. Ameruhusiwa kurudi kazini."

Nikaketi chini, hapo hapo kwenye vigae.

Kwenye grupu letu, mtu akifa, mchango wa kusafirisha mwili hufunguliwa kwa jina lake mwenyewe. Mmoja wetu humlipia riyal hamsini, marehemu akaandikwa namba moja, ili asionekane amesindikizwa mikono mitupu. Halafu kila mtu anakopi orodha, anaongeza jina lake na namba ya ikama, kile kibali cha kuishi huku, anairusha tena.

Hamsini za Achieng nilizilipa mimi.

Naftali hakumjua Achieng, wala hakujua desturi yetu. Alichukua orodha ya matanga, akaigeuza orodha ya wagonjwa waliopona.

Nikasema, huyu hatapata sahihi yangu. Hata anipe elfu hamsini.

Mungu si Athumani. Wiki ya Idi bosi alipeleka familia Riyadh kwa mamake, nami nikabebwa pamoja na watoto. Mkutano wa kutia sahihi ulikuwa Ijumaa. Nikamwomba madam ruhusa ya masaa matatu tu, akanipa mawili.

Mkutano ulikuwa mtaa wa Batha, huko huko Riyadh, juu ya duka la simu. Watu kama arobaini, wengi kwenye tisheti za kijani. Wakili wa kampuni alikuwa ameketi mbele na mkalimani wake, kalamu tayari.

Nikasimama. "Mwenyekiti, kabla ya sahihi tuite majina. Kila mtu aitike."

"Hakuna haja, dadangu. Muda mafi, hakuna."

"Haja iko. Ama unaogopa orodha yako?"

Watu wakaguna. Naftali akacheka, akarekebisha tai, akafungua karatasi.

"Namba moja, Achieng."

Akangoja kuweka alama kwenye karatasi.

"Achieng yuko?" Akainua shingo kuangalia viti vya nyuma. "Achieng! Aliye karibu naye amwambie aitike."

Mourine, mmoja wa wale tuliolala nao bweni moja, siku hizi yuko Riyadh, akaanza kulia kwa sauti.

"Achieng tulimpeleka kwao Siaya kwa sanduku," akasema. "Namba mbili ni mimi! Namba tatu ni Serah! Hii ni orodha ya matanga, nyinyi watu!"

Chumba kikalipuka. Mkalimani akawa anamnong'onezea wakili haraka haraka.

Naftali akanigeukia. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Rispah, na hii orodha nilipewa na nani? Niseme?"

Kuna kitu sijawaambia, hata nyinyi mnaosoma.

Mwaka uliopita Naftali alinitafuta. "Nitumie ile list yenye namba za ikama, nataka kusajili wanachama." Akanitumia riyal mia tatu za ahsante. Nilikuwa siku ya pili bila vidonge, natetemeka mpaka nadondosha vikombe. Nilijua kuna jambo haliko sawa. Sikuuliza. Nikatuma, nikaenda kununua vidonge.

Nilimuuza Achieng kwa mia tatu.

"Usijisumbue," nikamwambia Naftali. "Nitasema mwenyewe. Orodha nilimuuzia mimi, mia tatu, nikanunua vidonge. Na namba saba niko hapa. Sijapona! Nimemeza asubuhi ya leo kwenye gari la bosi."

"Aibu!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Aibu yangu nimeibeba hadharani. Sasa nyinyi rudisheni pesa."

Wakili akafunga faili lake, akaweka kalamu mfukoni, akatoka.

Nusu ya pili ilizuiwa miezi mitatu. Naftali aliondolewa, gari likauzwa, pesa zikarudi kwenye mfuko. Nami niliondolewa ukatibu, na sikupinga, kwa sababu ilikuwa haki.

Kanuni mpya ikawa moja: hakuna jina linaloingia kwenye orodha mpaka mwenyewe alitaje kwa sauti yake mbele ya wenzake, na kliniki ilipwe moja kwa moja. Riyadh wakabaki kumi na tisa. Jeddah, wale wa aibu, walitoka mmoja mmoja mpaka tukawa arobaini na mmoja. Wengi waliniambia walisubiri tu mtu wa kwanza kusema.

Mimi naenda kliniki kila Ijumaa. Leo natimiza miezi saba bila kidonge, na mikono yangu inashika kikombe vizuri.

Orodha mpya aliiandika Zeinab. Wakili alipoiona akauliza kwa nini namba moja ni mtu ambaye hatalipiwa chochote.

"Mwache hapo hapo," Zeinab akamjibu. "Yeye ndiye afunguaye orodha."

Imeandikwa hivi: "1. Achieng. Hakutibiwa."

Wapendwa, mkiletewa pesa za wagonjwa, iwe Riyadh, iwe kwenye kaunti yenu huko nyumbani, msianze kwa kuuliza ni ngapi. Iteni majina kwa sauti. Na namba moja asipoitika, msiende namba mbili.