Sinia Mbili na Swali la Kijapani

Kulinganisha kwa Kijapani hakukunisumbua. Vitu vikiwa sawa unasema onaji, basi. Kimoja kikizidi, unaweka yori baada ya kile kilichoshindwa: "sakana wa niku yori oishii", samaki ni mtamu kuliko nyama. Neno la utamu lenyewe halibadiliki, kama kwetu. Kuna na hodo, ya watu wenye adabu: hiki si kitamu kufikia kile. Nilijifunza yote kwa simu, dukani Mtanda ninakouza vocha, wateja wakinitania kwa kuniita Mjapani wa Lindi.

Nilikuwa natafuta nafasi ya miaka miwili Japani, kujifunza kusindika samaki. Usaili ulikuwa wa video, nikaufanyia nyumbani Mitwero kwa sababu dukani kelele haziishi. Mama na mama mdogo, wajane wawili wa baba, wakakaa mkekani nyuma yangu, wamejitanda khanga mpya utadhani wanaposwa wao.

Msaili, mwanamke wa Kijapani mpole, akauliza habari za familia. Nikamwambia nina mama wawili. Akafurahi, akaona amepata mfano wa kunipima kulinganisha kwa Kijapani: kati ya hao wawili, chakula cha nani ni kitamu zaidi?

Nyumbani kwetu swali hilo haliulizwi. Kila mke hupika chake, sinia huja mbili, unakula huku na huku, unashukuru sawasawa. Ukisifu upande mmoja umetafuta vita. Baba alishatangulia mbele ya haki, lakini sinia zilibaki mbili.

"Onaji desu," nikajibu. Ni sawa tu.

Akatabasamu, akaniomba nitumie yori. Angeniuliza muhogo na wali ningemjibu mpaka anichoke. Nikarudia: onaji desu. Akaandika kitu. Nikajua nafasi inaniponyoka, na nilikasirika bila kujua nimkasirikie nani.

Simu ilipokatika, mama mdogo akataka kujua nimeulizwa nini mpaka nikanywea. Nikawaeleza.

"Ungesema tu mimi nimeshindwa, mwanangu," mama akasema. "Tangu Ramadhani sinia zote mbili anapika mwenzangu. Macho yangu yana ukungu. Nilishajiunguza mara mbili."

"Dada! Si tulikubaliana asijue mpaka asafiri?"

Miezi yote hiyo nilikuwa nakula mapishi ya mtu mmoja, nikimshukuru kila mama kwa sinia yake. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mama hasogei tena jikoni. Niliona haya, nikaogopa pia. Nikapiga magoti mkekani, nikanyoosha vidole mbele ya uso wake, nikamwuliza ni vingapi.

Akacheka, akasema nisimfanye mtoto. Hakusema ni vingapi.