Basi Langu Lilinipita Barabarani

Nishawahi kukutana na basi langu barabarani, na mimi nikiwa ndani yake naliendesha.

Usicheke. Sinywi, sivuti, na siku hiyo nilikuwa nimelala vizuri tu.

Nilikuwa napanda mlima, basi limejaa nusu. Huko juu likatokea basi la kampuni yetu linashuka. Rangi yetu, jina letu pale juu ya kioo. Nikajiandaa kupiga honi ya salamu, macho yakaangukia kwenye namba.

Namba zangu mwenyewe. Zote.

Mguu ukakosa pedali. Abiria wa kiti cha mbele akaniuliza kama nimeona shetani. Nikamjibu nadhani ndiyo.

Dereva wa lile basi akaninyanyulia mkono. Alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Kampuni yetu zamani ilikuwa na mabasi mpaka uwanja haukutosha. Mafuta yakapanda, vipuri vikapanda, abiria wakahamia kwenye magari madogo. Tajiri akaanza kubana. Aliondoa makondakta, kisha walinzi, kisha hata chai ya asubuhi. Basi likiharibika linawekwa juu ya mawe nyuma ya gereji, linang'olewa vifaa vya kutibu wenzake.

Mwisho wakapunguzwa madereva. Shemeji akawa wa kwanza, maana ndiye aliyekuwa mgeni kazini.

Alikaa nyumbani akikonda, mkewe ana mimba ya tatu. Halafu ghafla akaanza kutoka alfajiri. Kwa mkewe alisema amerudishwa kazini, lakini mimi sikumwona uwanjani hata siku moja. Nikadhani anabeba zege mahali na anaona aibu kusema.

Kumbe.

Jioni ile nilimfuata akanieleza yote. Fundi wa gereji alikuwa amefufua basi moja kati ya yale ya juu ya mawe. Likapigwa rangi, likafungwa namba za basi langu. Bima moja, leseni moja, mabasi mawili. Sharti la tajiri lilikuwa tusikutane, na siku ile tulikutana kwa sababu mimi nilichelewa kutoka.

"Breki zake vipi?" nikamuuliza.

"Zinashika ukiziomba."

Nikamwambia aliache lile jeneza. Akacheka kicheko cha mtu asiye na pa kwenda.

"Shemeji, wewe una basi. Mimi nina kivuli cha basi lako. Niache nijibanze kwenye kivuli. Na mke wangu asijue, hatalala."

Nikaenda kwa tajiri nimejaa hasira. Wala hakugombana na mimi. Alinikaribisha kiti, akasema kampuni inapumulia mashine, na kwamba nikifungua mdomo wote tutarudi nyumbani, shemeji akiwa mbele.

Nikanyamaza. Nilijiambia namlindia mdogo wangu chakula cha watoto.

Siku ya siku nikaingia stendi mchana, simu imezima. Mama mkata tiketi aliponiona alikaa chini palepale vumbini. Redio ilikuwa imetangaza kwamba basi langu limekataa breki, limeingia mtoni, dereva amefariki. Namba zilisomwa. Nyumbani kwa mama yangu walikuwa wameshapigiwa.

Nilijua nani alikuwa ndani.

Nikaenda kwa mama, kilio nikakisikia tangu barabarani. Viti vilishapangwa uani, majirani wamejaa, hata yule asiyeniitikia salamu alikuwepo analia kuliko wote.

Wa kwanza kuniona alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amemkumbatia mama. Akamwachia, akanikimbilia na tumbo lake lile, akaning'inia shingoni.

"Kaka yu hai! Jamani, kaka yangu yu hai!"

Vigelegele vikapasuka. Mama akanishikashika uso kama anachagua nyanya sokoni, haamini. Watu wakaanza kucheza, na mdogo wangu ndiye aliyecheza zaidi.

Mimi nimesimama tu. Nilitamani kweli ningekuwa mimi niliyekufa.

"Mbona hufurahi?" akaniuliza, huku anajifuta machozi. "Ngoja nimpigie baba watoto. Tangu asubuhi namtafuta nimwambie umekufa, hapatikani."

Akabonyeza simu, akasubiri. Akabonyeza tena.

"Atakuwa barabarani," akasema.

Nikamwambia aiweke simu chini, akae.

Vile vigelegele vilivyokatika sitavisahau. Tajiri yeye alisema huyo dereva alishapunguzwa zamani, kampuni haimjui, labda aliiba gari. Mdogo wangu alijifungua mwezi uliofuata. Mtoto ana paji la uso la baba yake. Mpaka leo mdogo wangu ananisalimia kwa adabu zote, lakini machoni haniangalii.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Ukisikia kampuni imepunguza gharama, usipige makofi. Uliza kwanza mzigo umehamishiwa shingoni kwa nani.

Na wewe unayejua jambo la hatari mahali unapofanya kazi, liseme leo, hata kama litawakosesha watu unga. Mimi nilinyamaza ili mdogo wangu asikose unga. Unga anao, majirani wanamletea. Mume ndiye hana.