Shimo Lililotukinga na Upepo

Wazo la kwenda ziwani lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu watu wa Goma wakisikia habari yetu huuliza kwanza nani aliyetutuma kwenda kulala nje wakati kama ule. Hakuna aliyetutuma. Mimi ndiye niliyesema twende.

Tulikuwa marafiki watatu, wote tumepita miaka thelathini. Mmoja ni fundi wa mbao, anatengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali ambazo watu wa milimani hushuka nazo mjini zikiwa zimebeba makaa na viazi. Wa pili alikuwa muuguzi hospitalini. Mimi ni karani katika ofisi inayopitisha mizigo mpakani. Tulijuana tukiwa watoto wa skauti parokiani, ambako padri mmoja mzee alitufundisha kupiga kasia, kufunga hema na kupika bila kuunguza sufuria. Tulipokua tuliendelea wenyewe. Mara moja kila mwaka tulikodi mtumbwi, tukafuata ukingo wa ziwa kuelekea magharibi, tukalala siku mbili, tukarudi.

Vita vilipoingia mjini desturi hiyo ilikatika. Ziwa lilifungwa, likafunguliwa, likafungwa tena. Karakana ya fundi ilipigwa na bomu, akabaki na msumeno mmoja na randa mbili. Muuguzi hakupoteza mali, alipoteza usingizi. Katika wiki zile za majeruhi alilala sakafuni kwenye korido ya hospitali, akiamshwa kila saa, na hata mambo yalipotulia kidogo mwili wake uliendelea kujiamsha. Jumapili moja baada ya misa alikuja kwangu, akakaa, akasinzia huku ameshika kikombe. Chai ya moto ilimwagika kwenye suruali yake na hakushtuka. Siku hiyo ndipo niliposema twende ziwani.

"Na hii mvua yote?" fundi aliuliza kwenye simu.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ilikuwa miezi ambayo mawingu hayaondoki juu ya mji, nguo hazikauki, na asubuhi watu wanavaa makoti kama wanaokwenda safari ya mbali. Lakini muuguzi alipolisikia wazo uso wake ulifunguka.

"Mimi nataka fasi moya tu," alisema, "kwenye hakuna mutu atasema, docta, kuya mbio."

Nilitafuta karatasi ya ruhusa kwa wale wanaoshika mji. Waliandika: watu watatu, mtumbwi mmoja, kurudi baada ya siku mbili.

Tuliondoka alfajiri ya Ijumaa. Tulikuwa na sufuria, unga wa muhogo, sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa, turubai, kamba, na hema dogo la watu wawili lililobaki kutoka enzi za skauti. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya risasi. Muuguzi alikaa katikati. Kwa saa ya kwanza alipiga kasia, halafu akaiweka magotini, akawa anatazama maji tu. Tulimwacha. Tulipita chini ya Mugunga, tukaona maturubai meupe ya wakimbizi yaliyobaki juu ya mawe meusi, matupu, yanapigwa na upepo.

Baada ya saa sita mchana upepo ulikuja kutoka kusini. Wanaolijua ziwa letu wanajua jinsi linavyogeuka: lilikuwa kama meza, kisha likawa na mabonde. Maji yaliingia mtumbwini, muuguzi akawa anayachota kwa sufuria, fundi akawa ananipigia kelele nielekeze pua ya mtumbwi penye mawimbi. Tulifika kwenye rasi tuliyoikusudia tukiwa tumelowa hadi mifupani, mikono imekufa ganzi.

Zamani tulilala juu ya kilima kidogo kilichopo hapo. Siku ile kilimani hapakukalika, upepo uling'oa turubai mikononi mwetu mara mbili. Nyuma ya kilima palikuwa na shimo pana la mawe ya volkano, lenye majani mabichi chini, kina chake labda mara mbili ya urefu wa mtu. Nilishuka kuliangalia. Upepo ulipita juu ya mdomo wake, chini ukafika kama pumzi tu. Ilikuwa kama kuingia nyumbani na kufunga mlango.

Niliwaambia wenzangu wangoje, nikapanda kuomba ruhusa kwenye nyumba iliyokuwa karibu. Nilimkuta mama mmoja mkulima, mtu wa upande wa Masisi kwa usemi wake, anakusanya maharagwe aliyokuwa ameanika kabla mvua haijayafikia.

"Karibuni," alisema. "Mulale hapa, karibu na ng'ombe. Kule mu shimo hapafae."

"Kuko nini, mama?"

"Hapafae," alirudia, na matone makubwa yakaanza kuanguka. Alijitupia ungo kichwani akakimbia ndani.

Nilitazama pale karibu na ng'ombe. Palikuwa matope na mavi, na mbwa anabweka. Nikajiambia kwamba mama huyu anaogopa wageni, anataka tulale anapotuona. Kila mtoto wa Goma anafundishwa habari ya mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa mashimoni, isiyo na rangi, inayoua mbuzi na watu wamelala. Nami nilifundishwa. Lakini nilikuwa na baridi, shimo lilikuwa na majani mabichi, na nilikuwa nimetoka kusimama ndani yake nikapumua vizuri. Sikufikiri kwamba ni upepo ule ule tuliokuwa tunaukimbia uliokuwa unaifagia hewa hiyo isikae shimoni.

Niliposhuka, fundi aliuliza, "Amesema nini?"

"Amekubali," nikasema.

Tulifunga hema shimoni, tukapika, tukala bugali na sambaza, tukacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Muuguzi alieleza jinsi padri wetu alivyokuwa akionja uji wa kila kikundi na kuutemea mate ule mbaya. Halafu akasema, "Hema muniachie miye. Leo nalala peke yangu mpaka nichoke kulala."

Tulifurahi kumpa. Mimi na fundi tulipindua mtumbwi ufukweni, tukaufunika kwa turubai, tukajikunja chini yake. Sikumbuki upepo ulikoma saa ngapi. Nakumbuka tu kwamba nilipoamka kulikuwa kimya kabisa na jua lilikuwa halijatoka.

Nilichemsha kahawa, nikamchukulia kikombe. Shimoni nilishuka nikitembea wima, kwa hiyo sikusikia kitu ila uzito kidogo miguuni. Nilipoinama kufungua zipu ya hema, pumzi ilikatika kana kwamba mtu amenibana pua na mdomo kwa kitambaa chenye siki. Macho yaliwasha. Kikombe kilianguka. Sijui nilisimamaje. Nilipanda mawe kwa mikono, nikafika juu, nikatapika, ndipo sauti ikanitoka.

Fundi alifika mbio. Nilisema neno moja tu, mazuku, naye hakuuliza la pili. Alijifunga kamba kiunoni, akanipa ncha yake, akajaza kifua hewa, akashuka. Nilimwona akishika hema lenyewe kwa pembe mbili na kulivuta kinyumenyume juu ya mawe, mashavu yake yamejaa, macho yametoka. Katikati ya mteremko aliteleza. Nilivuta kamba kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, wakafika juu wote wawili, fundi akianguka kifudifudi na kuhema kama mbwa.

Tulipasua hema kwa kisu. Rafiki yetu alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, midomo imekuwa ya buluu. Pembeni yake palikuwa na mshumaa uliosimamishwa ndani ya kopo la sambaza. Ulikuwa umeungua kipimo cha ukucha tu, kisha ukazimika wenyewe. Tulimgandamiza kifua kwa zamu, tukampulizia mdomoni, tukamwita. Hatukuijua kazi hiyo vizuri. Aliyeijua ndiye aliyekuwa amelala pale. Jua lilitoka, likapanda, tukaendelea, mpaka fundi akanishika mikono na kusema, "Wacha. Amekuwa baridi."

Yule mama alikuja na wanawake wengine wawili. Waliweka mikono vichwani. Yule mama alinitazama mimi, si fundi.

"Si nilikuambia, papa?" alisema kwa sauti ndogo. "Si nilikuambia hapafae?"

Fundi aligeuka akanitazama. Mama alitupatia kitenge, tukamfunga rafiki yetu.

Njia ya gari ilikuwa mbali na hatukuwa na mtu wa kutusaidia kubeba. Tulimrudisha kwa njia tuliyokuja nayo. Tulimlaza katikati ya mtumbwi, pale pale alipokuwa amekaa jana yake, fundi mbele, mimi nyuma. Ziwa lilikuwa tulivu kabisa, zuri hata, na nililichukia kwa uzuri huo. Mtumbwi ulikuwa na uzito ule ule, lakini makasia yalikuwa mawili. Kila nilipoinua macho niliona miguu yake imechomoza kwenye kitenge, na soksi za sufu alizofumiwa na mama yake.

Labda tulikwenda mwendo wa saa mbili. Halafu fundi, bila kugeuka, akauliza, "Yule mama alikuambia nini?"

Nilimweleza yote: hapafae, ng'ombe, matope, na kwamba mimi nilisema amekubali. Nilitegemea atasimamisha kasia. Hakusimamisha. Aliendelea kupiga, kulia, kushoto, kulia. Baadaye alisema, "Ungetuambia, tungelala kwa ng'ombe."

"Ndiyo."

"Yeye angecheka, lakini angelala kwa ng'ombe."

"Ndiyo," nikasema tena.

Ufukweni mwa Goma mwanajeshi kijana alichukua karatasi yetu ya ruhusa, akaisoma polepole.

"Mulitoka watatu."

"Tumerudi watatu," fundi akasema.

Mwanajeshi aliinama, akafunua kitenge, akagusa shingo ya rafiki yetu kwa vidole viwili, kama muuguzi mwenyewe alivyokuwa akifanya. Akafunika tena vizuri, akaingiza na miguu. "Mupite," alisema, na akatuitia vijana wenye chukudu watusaidie kumpandisha.

Mama yake marehemu aliishi mtaa wa Katindo. Familia ilikuwa ya upande wa Bukavu, watu wa kanisa, na kabla ya jioni nyumba ilikuwa imejaa wanawake wenye rozari. Fundi ndiye aliyeeleza. Alisema ilikuwa mazuku, hatukujua, ni mapenzi ya Mungu. Alisema "hatukujua" bila kunitazama. Alifanya hivyo kunikinga, na tangu saa ile sikuweza kukaa naye chumba kimoja kwa raha.

Baada ya maziko nilianza kwenda Katindo kila Jumamosi. Nilimchotea mama maji, bidoni sita, yale madumu ya plastiki, kutoka ziwani, nikampasulia kuni, nikatengeneza bati lililovuja. Alinipa chakula na kunipa habari za marehemu akiwa mtoto, jinsi alivyowafunga kuku bandeji. Nilikula na kusikiliza. Nilivumilia hivyo miezi minne.

Jumamosi moja niliweka bidoni chini nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitamaliza. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Vidole vyake havikuacha kuchambua hadi nilipofika kwenye neno "amekubali". Hapo vikasimama.

Aliiweka sinia magotini.

"Nilikuwa najua kuko kitu," alisema. "Mutu hachoti maji kila juma bila sababu."

"Unisamehe, mama."

"Sijue." Aliitazama ile sinia. "Nitakuambia ukweli, mutoto wangu. Leo sijue. Nenda kwanza. Usirudi mpaka nikuite."

Nilipofika mlangoni aliniita, moyo wangu ukaruka. Alitaka tu kuuliza kama mwanawe alikuwa amekula vizuri jioni ile. Nikamwambia amekula sana, na amecheka. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mchele.

Hiyo ni mwaka jana. Bado hajaniita. Wakati mwingine namwona kanisani, safu za mbele, na tunapopeana amani yeye huwageukia walio upande mwingine.

Mimi na fundi tulirudi kwenye rasi mara mbili, kwa basi dogo la barabara ya Sake na kisha kwa miguu. Mara ya kwanza tulibeba ubao aliouranda mwenyewe, tukaupaka rangi nyekundu na kuandika: HAPA MAZUKU. USISHUKE. Tuliusimika kwenye mdomo wa shimo. Tuliporudi baada ya mvua kuukagua, haukuwepo. Yule mama mkulima alisema watu waliokuwa wanakimbia mapigano ya milimani walipita, wakaung'oa, wakapikia.

"Walilala wapi?" nilimuuliza haraka.

"Kwangu, karibu na ng'ombe. Niliwakataza kushuka. Nilisimama pale na fimbo."

Fundi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akafungua kopo la rangi iliyobaki. Tulichagua jiwe kubwa la volkano ambalo hakuna mtu atalipikia, tukalisugua kwa brashi ya waya. Jiwe lile lina matundu matundu na rangi ilikuwa inazama ndani, kila herufi tukaipaka mara tatu. Ilituchukua mchana mzima. Mama mkulima alituletea viazi vya kuchoma, akasimama akitazama, akauliza tumeandika nini, kwa sababu hajui kusoma. Fundi akamsomea.

"Andika na kwa Kinyarwanda," alisema mama. "Wale wengine hawasikie Kiswahili."

Rangi ilikuwa imebaki kidogo chini ya kopo. Nilipiga magoti tena upande wa pili wa jiwe, mama akawa ananitajia maneno, nami nikayaandika polepole kama mwanafunzi.