Sauti ya Mnadi Ndani ya Kisanduku

Kabla koo lake halijaugua, baba yake Macho ya Paka alikuwa mnadi wa soko la mitumba, na sauti yake haikuwa ya mchezo. Akinadi koti upande huu wa mji, watu wa upande wa pili walianza kusikia joto. Siku moja alipiga chafya katikati ya mnada, na kabati lililokuwa nyuma yake likajiuza lenyewe. Aliyelinunua ni mkewe, aliyekuja tu kumletea chakula. Asiyeamini na asiamini. Kabati likakaa sebuleni kama ushahidi.

Kisha ukaja ugonjwa. Madaktari wakamwambia wazi: koo au uhai. Akachagua uhai, shingo upande. Lakini kabla hajapasuliwa, binti yake alimketisha siku nyingi mbele ya kinasa sauti, akamsomesha maneno ya kila aina, ya hasira na ya mahaba, hata matusi mawili matatu ya akiba. Sauti hiyo akaitia ndani ya kisanduku kidogo cha kuvaa kifuani. Mzee akiandika kwa kidole, kisanduku kinasema, na anayesema ni yeye mtupu.

Binti aliitwa Macho ya Paka kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa ameajiriwa na karakana ya vifaa vya wagonjwa, kusoma kitu ambacho hakikuandikwa ili mtu akisome. Ndani ya kila kisanduku, alipenda kueleza, kuna programu chungu nzima na viti viwili tu. Viti ndivyo prosesa, vinavyoendesha programu moja moja. Yupo na msimamizi wa zamu, asiyelala wala kupiga miayo: wewe kaa, wewe inuka, wewe kalale kwanza. Kila anapomwinua mmoja na kumkalisha mwingine, hutia alama kwenye faili. Hana muda wa maneno. Huweka namba tupu zilizobanwa kama nguo za msafiri mwenye mkoba mdogo. Aina ya tukio, muda uliopita tangu tukio la kabla yake, nani kainuka, nani kakaa. Hakuna nafasi katikati wala nukta mwishoni. Ukianza kusoma baiti moja, yaani kipande kimoja cha namba, mbele ya pale panapostahili, umekwisha: ni kama shati ulilotia kifungo cha kwanza kwenye tundu la pili. Utafunga mpaka shingoni na bado utaonekana mlevi.

Yeye hakupotea. Aliziacha namba zitiririke kwenye kioo cha kompyuta mpaka macho yakawa mazito, na hapo ndipo zilipoacha kuwa namba. Aliona nyumba yenye ukumbi mrefu, taa zikiwaka na kuzimika, watu wadogo kama punje wakipishana bila kugusana, kila mmoja na shughuli yake. Wenzake walidhani anasinzia. Kweli alisinzia, lakini alisinzia kazini.

Sasa, kisanduku cha baba kikaanza kumeza maneno. Wakwe wa kaka yake Macho ya Paka walikuja kutembea, wakakaa, wakasifu mapazia. Mzee akaandika, na kisanduku kikasema kwa ile sauti ya mnada:

"Sitaki wageni..."

Kikanyamaza. Wageni wakatazamana. Mkwe wa kiume akatafuta kiatu, mkwe wa kike akatafuta mkoba, na walipokuwa tayari mlangoni ndipo kisanduku kikamalizia:

"...waondoke bila kunywa chai."

Waliokuwa ndani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee hakucheka. Alikivua kisanduku, akakitia kwenye droo ya lile kabati, chini ya vitambaa vya meza, akaifunga. Tangu hapo alizungumza kwa kugonga meza: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Yaliyobaki alisemewa na mkewe.

Mzee anagonga mara moja. "Anasema chumvi imezidi," mama anatafsiri, "lakini ananionea haya."

Macho ya Paka alipoona mnadi amegeuka mgonga meza, hakuvumilia. Alijua baba yake: kitu akishakifungia, hakitoi. Alikichukua kisanduku kwa siri, akakipeleka karakana, akakiandikia mpaka kikakwama, akatoa faili za matukio. Zilikuwa mbili, kila kiti na faili yake. Akasoma ya kwanza mwanzo mpaka mwisho, kisha ya pili. Akarudi nyumbani.

"Baba, nimeona. Sauti yako inalala yenyewe."

Mzee aligonga mara mbili, kikombe kikaruka.

"Anasema..."

"Nimemwelewa, mama."

Mchana wa siku ya mapumziko Macho ya Paka alijilaza kwenye mkeka, pazia likipumua dirishani. Mama yake na mama mdogo walikuwa wakikunja mashuka na kusimulia harusi moja ya zamani, wote wawili kwa mpigo, kama kawaida yao.

"Bibi harusi akaingia..."

"...mbuzi naye akaingia..."

"...mimi nimeshika taji..."

"...mimi nimeshika kamba!"

Usingizi ulikuwa unambeba. Akajaribu kumsikiliza mama peke yake: harusi tulivu. Akamsikiliza mama mdogo peke yake: mbuzi tu. Ukiwasikiliza kwa zamu utadhani ni siku mbili tofauti. Lakini neno la huyu likipokelewa na la yule, kwa saa ileile, ndipo unapojua kwa nini bibi harusi alikimbia.

Akaketi wima. "Nimezisoma kwa zamu!"

"Mbuzi?" akauliza mama mdogo.

Alikuwa ameshafika mlangoni.

Karakana alizisuka faili mbili kuwa moja, kila tukio mahali pake kwa wakati wake. Nyumba ikatokea mbele ya macho yake, ukumbi na taa. Sauti ya baba imesimama nje ya ghala la maneno, ndiye mkubwa wa daraja kuliko wote, hailali hata kidogo, inasubiri ufunguo. Ufunguo anao mtumishi mmoja mdogo, kazi yake kuhifadhi maneno, na hana pa kukaa. Kiti cha kwanza kimekaliwa na mgeuza picha za wajukuu kwenye kioo cha kisanduku, cha pili na mtangaza hali ya hewa. Hao ni wa daraja la kati, hawana haraka, hawampishi mdogo. Mdogo hapiti, ufunguo haurudi, mkubwa anaaibika mbele ya wakwe.

Hakumfukuza mtu. Aliweka sheria moja tu: anayeshika ufunguo unaosubiriwa na mkubwa, apewe heshima ya huyo mkubwa mpaka aurudishe. Akakijaribu mpaka jioni. Hakikukwama.

Kukivalisha ndiyo ikawa kazi. Mzee aligonga mara mbili, akageuza uso. Macho ya Paka akakiweka mezani karibu na mkono wake, akakiacha hapo.

Wakwe waliporudi, mama ndiye aliyeshika usukani. Akawapa mkasa wa kabati. "Basi akakohoa, na..."

Mzee aligonga mara mbili.

"Anasema ni kweli. Akakohoa, na kijidroo kimoja..."

Mara mbili, mara mbili, mara mbili. Mama hana habari. Mishipa ya shingo ya mzee ikasimama. Mkono ukakinyakua kisanduku, kidole kikaruka kama kuku anayedonoa.

"Hakikuwa kikohozi, mama watoto, ilikuwa chafya, na haikuwa droo, lilikuwa kabati zima lenye vioo, na lilipojiuza liliinama likashukuru!"

Pumzi moja, bila tundu. Mapazia yalitikisika, au walidhani yalitikisika. Macho ya Paka alifumba macho. Alimwona yule mdogo akipita ukumbini na ufunguo wake, na wa kati wote wakiinuka kumpisha.

"Kabati lenyewe ndilo hili?" mkwe wa kiume akauliza.

Hakupaswa kuuliza. Mzee alikuwa tayari amesimama, kiganja juu ya mbao, anaandika kwa mkono mwingine, na sauti ya soko ikaijaza sebule: mbao ngumu hiyo, mchwa wameiomba radhi, nani anaanza?

"Na nguo zangu?" mama akapiga kelele.

Hakuna aliyemsikia. Jioni wakwe walilibeba kabati walilouziwa, pamoja na droo yake, tena baada ya kunywa chai.