Mtoto Ndani ya Masweta

Mikono ya mfumaji masweta haikujua kukaa bure. Mashine yake ya kufumia ililia kutwa katika chumba chao kimoja, nyuzi zimejaa hadi uvunguni, na mwanawe mchanga, aliyempata baada ya kuharibikiwa mimba mara kadhaa, akilala kwenye kikapu kando yake.

Mtoto alipoanza kukohoa, akamvalisha sweta. Kikohozi kilipozidi, akaongeza la pili, na la tatu.

"Wifi, huyu ni mtoto au kitunguu?" dada wa mumewe alimtania alipokuja kuwajulia hali. "Kila ukimmenya unakuta ganda jingine."

"Cheka tu. Baridi haina shemeji."

"Ananyonya?"

"Ameonja ziwa, akaliacha. Lakini leo hakohoi sana. Ametulia."

Utulivu huo ndio uliomponza. Mtoto aliyechoka kuhema hupungukiwa nguvu hata za kulia. Mama akasikia ukimya, akauita nafuu. Kliniki, akina mama walikuwa wamefundishwa: mfunue kifua akiwa ametulia, utazame kama anahema mbiombio, au kama chini ya mbavu panabonyea kila anapovuta pumzi. Ukiona hivyo, usingoje. Mfumaji aliitikia pamoja na wenzake. Ila kumvua nguo mtoto mgonjwa, kwake, kulikuwa sawa na kumtupa nje. Kujua jambo na kulitenda ni vitu viwili, na mtoto huokolewa na hilo la pili.

Wifi alimpakata, akahisi kitu. "Mbona anahema hivi? Hebu tumfungue."

Sweta la mwisho lilipotoka, wakaona ngozi chini ya mbavu ikizama ndani, ikirudi, ikizama tena. Pua zilitanuka. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

Walikimbia naye hospitali. Muuguzi alimtazama mara moja tu, akapaza sauti kumwita daktari, akamwekea oksijeni.

"Ni nimonia, tena kali," muuguzi alisema. "Mama, alianza kuhema hivi lini?"

Mfumaji akajaribu kukumbuka. Jana? Juzi?

"Sijui, dada."

"Alikuwa na nani?"

"Na mimi. Kutwa kucha alikuwa na mimi. Sikumtazama."

Muuguzi hakumkemea. Aliinama tena kwa mtoto, ambaye pumzi zake sasa zilikuja kwa kuchelewa, kama zinazosita mlangoni. Kabla ya adhuhuri pumzi zikakoma; muuguzi akafunga oksijeni, taratibu. Wifi akamshika mfumaji mkono.